Jina la Kidoti

Majirani walimwita Mama Kaa, naye hakuwakataza. Hakuwa na mtoto wa kumpa jina hilo, basi kaa wa kwenye chupa ndio waliompa cheo. Utani ulianzia kwa wapangaji wa ghorofa ya chini. Kila alipopanda ngazi akitoka kazini alikuwa akinuka spiriti, hata mmoja wao akamuuliza kama yuko hospitali au kiwanda cha pombe. Alipojibu kwamba anafanya kazi na kaa, mwenzake akadakia, "Makaa ya kupikia?" Wakacheka, yeye akacheka, na jina likaganda.

Alikuwa mtaalamu wa kaa katika jumba la makumbusho la jiji. Huko juu, kwenye mwanga, watoto wa shule walipita mbio chini ya mifupa ya nyangumi, na walimu wao wakiwanyamazisha. Yeye alikuwa chini ya sakafu hiyo, katika chumba kirefu kisicho na dirisha, kilichojaa rafu za chuma na chupa za vioo. Ndani ya kila chupa mlikuwa na mnyama aliyefifia rangi, na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti lakini penseli hudumu. Alijua kila rafu kama mtu ajuavyo vyombo vya jikoni kwake.

Aliwahi kuolewa. Mume hakuwa mtu mbaya, alichoka tu. Siku moja wakiwa mezani alimwambia kwa upole kwamba anajiona kama mtu anayeishi na mke wa mwingine, na huyo mwingine ana miguu kumi. Mama Kaa alitaka kumjibu kwamba miwili kati ya hiyo ni magando, akajizuia. Waliachana bila kelele. Tangu hapo alirudi kwenye nyumba yenye kiti kimoja kinachokaliwa na vitatu vinavyofutwa vumbi.

Kaa aliowapenda zaidi hawakuwa wale wa ufukweni ambao kila mtu anawajua. Walikuwa wa kina kirefu, jenasi moja ya kaa wakubwa wenye rangi ya tofali, wanaoishi kwenye mteremko wa bahari ambako jua halijawahi kufika. Kuwatambua si kazi ngumu. Gamba lao la mgongo ni pana kuliko urefu wake, miguu yao ni mirefu, na ubavuni, kutoka jichoni kwenda nyuma, kila upande una meno matano. Kazi huanza unapotaka kutenganisha spishi na spishi ndani ya jenasi hiyo. Hapo ndipo unapotazama meno hayo kama ni makali au butu, na kucha za miguu ya kutembelea kama zimebanwa ubavuni mithili ya kisu, au zimelala bapa mithili ya mwiko.

Katika bahari ya nchi ile spishi zilizojulikana zilikuwa mbili. Ya kwanza, kubwa na yenye meno butu, ilipewa jina zamani sana na msomi mgeni aliyekuwa na kaa mmoja tu, mkavu, asiye na gando la kushoto. Ya pili ilikuwa ndogo, yenye meno makali kama miiba, na iliishi chini zaidi ya ile ya kwanza. Aliyeielezea ya pili alikuwa Mwalimu, na aliiita Kidoti.

Mwalimu ndiye aliyemfundisha Mama Kaa kazi hii tangu alipokuwa binti wa chuo asiyejua kushika kibano. Mzee huyo alikuwa amestaafu siku nyingi, lakini wote pale makumbusho waliendelea kumwita hivyo, hata waliomjua kwa picha ya ukutani tu. Waliosoma kuhusu kaa wake walidhani jina limetokana na doa dogo lililo kwenye gamba. Doa lilikuwepo kweli. Ila Mama Kaa alijua zaidi, kwa sababu mke wa Mwalimu alimsimulia zamani, siku moja wakiosha vyombo pamoja jikoni.

Kidoti lilikuwa jina la nyumbani la binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyezaliwa na alama ndogo nyeusi chini ya jicho. Mwalimu alikuwa baharini na meli ya utafiti mtoto aliposhikwa na homa. Habari ilimfikia kwa redio. Nahodha aligeuza meli, lakini bahari haina njia ya mkato, na walipotia nanga mtoto alikuwa ameshazikwa. Mwalimu alishuka na ndoo zake mkononi. Ndani ya ndoo mlikuwa na kaa wadogo wenye miiba, waliotolewa kwenye kina ambacho hakuna wavu wa nchi ile uliowahi kukifikia.

"Hajawahi kunitajia mtoto tena," mke alisema, akifuta sahani ambayo ilikuwa imeshakauka. "Ila jina alilipeleka huko, kwenye vitabu vyenu."

Mke naye alishafariki. Kwa hiyo, waliojua Kidoti alikuwa nani walibaki wawili, na hawakuwahi kulizungumza.

Mambo yalianza kwa mgeni. Afisa wa uvuvi alishuka ngazi za chumba cha chini akiwa ameziba pua kwa leso, akaeleza shida yake akiwa amesimama. Kampuni moja iliyokuwa ikitega kaa wakubwa pale juu ya mteremko sasa iliomba kibali cha kutega chini zaidi, kuwachukua wale wadogo. Wadogo wana soko, alisema, watu wanawala wazima wazima, wamekaangwa na magamba yao. Vitabu vinasema ni spishi nyingine na ni wengi. Kilichohitajika ni mtaalamu athibitishe hivyo, na aongeze maelezo kuhusu majira yao ya kuzaa ili mitego ipumzishwe wakati huo.

"Ni saini tu, Dokta," alisema. "Mengine tutayamaliza wenyewe."

Mama Kaa alimwambia ampe nafasi atazame kwanza. Hakuwa na shaka yoyote, alitaka tu kujua majira ya kuzaa. Kaa jike hubeba mayai yake chini ya tumbo, chini ya kifuniko kinachojikunja kama mkia. Ukitaka kujua wanazaa lini, unatafuta majike wenye mayai na kusoma kwenye vikaratasi walivuliwa mwezi gani.

Akashusha chupa zote za Kidoti, za safari zote, akawapanga kaa kwenye sinia. Akamgeuza wa kwanza. Jike, hana mayai. Wa pili, jike, hana. Akaendelea kugeuza mpaka sinia la mwisho, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na mayai. Si hivyo tu. Jike aliyekomaa huwa na kifuniko kipana, cha duara, kinachofunika tumbo zima. Hawa wote walikuwa na kifuniko chembamba.

Alivua glavu akakaa. Miaka yote hiyo, meli baada ya meli, wavu haukuwahi kuleta mama hata mmoja. Haiwezekani spishi isiwe na mama.

Wakati mwingine ukweli huwa umekaa kwenye rafu ukikutazama, nawe unaufuta vumbi tu. Siku zilizofuata alishusha na wale wakubwa wenye meno butu, akawapima wote kwa kipimio chenye taya mbili, akawapanga kwa ukubwa. Wadogo wenye miiba upande huu, wakubwa wenye meno butu upande ule, na katikati pengo. Kucha za miguu zilikuwa za namna moja kwa wote, zimebanwa kama kisu. Doa lilikuwepo kwa wote, ila kwa wakubwa lilikuwa limefifia likamezwa na rangi ya gamba.

Ilibaki kuziba pengo. Bahati nzuri meli ya utafiti ilikuwa ikijiandaa kuondoka, akawaomba wavute wavu kwenye kina cha kati, mahali ambapo hapo nyuma kila mtu alipapita akikimbilia juu au chini. Waliporudi walimletea pipa la plastiki. Alilifungua peke yake, mlango ukiwa umefungwa, na kabla hata hajawatoa alishaona. Walikuwa kaa wa ukubwa wa kati, na meno yao hayakuwa makali wala hayakuwa butu. Alipowaweka kwenye pengo, mstari mzima ukakamilika, meno yakishuka kidogo kidogo kutoka mwiba hadi kinundu, kama kilima kinavyoshuka kuingia bondeni. Hakukuwa na mahali pa kuweka mpaka na kusema hawa wanaishia hapa, wale wanaanzia pale.

Kidoti hakuwa spishi. Alikuwa mtoto wa yule mwingine.

Kwa kawaida mtu akigundua jambo kama hilo hutafuta wa kumwambia. Mama Kaa alitazama simu, akapitia majina, asione nani angeelewa furaha yenyewe, sembuse huzuni iliyofungwa ndani yake. Akaosha mikono, akapanda basi, akaenda kulala.

Kesho yake alimweleza Mkurugenzi wa makumbusho, mtu wa suti na maneno laini. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamshauri asiharakishe. Mwalimu ni mzee sana, alisema, macho yameshamwacha, na siku zake haziko nyingi. Kaa hawana haraka. Mzee wa watu aachwe aende na jina lake, halafu baadaye litengenezwe.

"Afisa wa uvuvi hawezi kungoja," Mama Kaa alisema. "Wakitega kule chini watakuwa wanavua watoto. Baada ya muda hata hao wakubwa hawatakuwepo."

Mkurugenzi alitazama nje ya dirisha lake, maana yeye alikuwa nalo. "Kaa akiinua gando, mambo yamekatika," alisema hatimaye. "Lakini uende mwenyewe ukamwambie. Asije akasikia kwa watu."

Alikwenda alasiri ya Jumamosi, siku yake ya kumtembelea. Aliyemfungulia mlango alikuwa mpwa wa Mwalimu, mwanamke mpole aliyehamia pale kumtunza mjomba wake baada ya mzee huyo kuunguza sufuria mara moja zaidi ya inavyovumilika. Sebuleni mapazia yalikuwa yamefunguliwa wazi, kwa sababu Mwalimu sasa alitambua mwanga na kivuli tu, na alipenda kujua kwamba bado ni mchana. Alikuwa amekaa wima kwenye kochi, redio ikinong'ona pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unanukia kazi hata Jumamosi." Akazima redio kwa kupapasa.

Walizungumza kwanza juu ya magoti yake, na juu ya mpwa anayetia chumvi kidogo mno. Kisha Mama Kaa akaanza. Alieleza yote kwa utaratibu, kama alivyofundishwa na mtu huyohuyo. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, mzee alimhoji kama anavyohojiwa mwanafunzi wa mtihani. Kina ni tofauti, alisema. Alijibiwa kwamba wa kati wamepatikana kwenye kina cha kati. Miguu ya wadogo ni mirefu kwa kulinganisha na gamba. Alijibiwa kwamba urefu huo unapungua kadiri gamba linavyotanuka, na vipimo vipo. Meno, je? Akaelezwa habari za meno. Kila swali lilikuwa zuri, na kila jibu lilimsogeza mzee nyuma kidogo zaidi kwenye kochi lake.

"Na majike?" aliuliza mwisho.

"Hakuna aliyekomaa, Mwalimu. Hata mmoja."

Mpwa akachungulia kutoka jikoni.

"Nilikuwa na kaa saba," Mwalimu alisema. "Saba tu, na sikuwa na kitu cha kuwalinganisha nacho isipokuwa mchoro wa yule mgeni."

"Najua. Mtu yeyote angefanya hivyo. Mimi nimekaa nao miaka yote hii sikuona."

"Usinibembeleze." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lilimuumiza zaidi. "Umekuja kuniambia kwamba sikuweza kumjua mtoto na mtu mzima."

"Sikuja kusema hivyo."

"Basi umekuja kutaka ruhusa, na mimi sina ruhusa ya kutoa. Kama ndivyo ilivyo, ndivyo ilivyo. Kaandike." Akageuza uso wake kuelekea dirishani, akamwita mpwa amsindikize mgeni.

Mama Kaa alitaka kumwambia kwamba anamjua Kidoti ni nani. Lakini hilo halikuwa lake kulitaja. Mtu akikuficha jambo kwa miaka yote hiyo, ukilitaja unakuwa umeingia chumbani kwake bila hodi. Akaaga. Kule mlangoni mpwa alimwomba samahani kwa niaba ya mjomba wake, bila kujua ni samahani ya nini.

Jumatatu alimpelekea afisa wa uvuvi taarifa fupi, kwamba kaa wadogo wa chini ndio watoto wa wakubwa wa juu, na atakayewatega anakula mbegu. Afisa alilalamika kidogo, kwa kuwa alitegemea saini na si somo. Lakini hakuwa mtu mkorofi, na kibali hakikutoka. Kampuni ikatuma mtu wake kuja kubishana. Mama Kaa akamuonyesha ule mstari wa kaa kwenye sinia, kutoka mwiba hadi kinundu, na yule mtu akautazama, akakuna kichwa, akaondoka.

Makala yenyewe ya kitaalamu, ile ambayo ingelishusha jina mbele ya dunia, aliiandika lakini hakuipeleka. Kila asubuhi aliifungua, akasahihisha koma, akaifunga. Alijiambia anangoja michoro ikamilike. Michoro ilikuwa imekamilika. Msimu ukapita hivyo. Alikula mezani peke yake na redio ikiwa wazi, apate sauti ya mtu, na mara mbili alishika simu kumpigia Mwalimu akairudisha chini. Ndipo alipotambua kwamba, ukiondoa mambo ya kazi, huyo mzee ndiye mtu pekee aliyekuwa akimtembelea. Sasa hakuwa na pa kwenda Jumamosi.

Halafu, asubuhi moja, mlinzi wa getini alipiga simu kule chini kusema kuna mzee hapa juu amegoma kukaa kwenye kiti cha wageni. Mama Kaa alipofika alimkuta Mwalimu amesimama chini ya nyangumi, amevaa koti lake la zamani la kazini, mkono mmoja begani kwa mpwa.

"Nataka kuwaona," alisema. Kisha akajirekebisha mwenyewe. "Nataka kuwashika."

Ngazi zilimchosha, lakini alipoingia chumbani na harufu ya spiriti ikampokea, mgongo wake ulinyooka. Alijua njia. Alipita kati ya rafu akigusa kingo zake kwa ncha za vidole mpaka akafika kwenye meza aliyoitumia kabla ya Mama Kaa, akakaa. Mpwa alivumilia harufu kwa muda, kisha akasema atawangojea juu.

Mama Kaa aliwatoa kaa kwenye chupa, akawaosha kwa maji sinkini ili spiriti isimuumize ngozi, akawapanga mbele yake kwa mfuatano. Akamwekea mdogo kabisa kiganjani. Kaa mwenyewe alikuwa mdogo kama kisoda cha chupa.

Mwalimu alimzungusha polepole. Kidole gumba kilipita ubavuni mwa gamba, kikapata jino la kwanza, la pili, mpaka la tano. "Huyu ndiye wangu," alisema.

"Ndiye, Mwalimu. Wa ile safari yako."

Alimshika muda mrefu kabla ya kunyoosha mkono kumtaka wa pili. Akampitia hivyohivyo, kisha wa tatu. Kilichosikika ni bomba la sinki linalovuja na, mbali huko juu, nyayo za watoto. Kadiri kaa walivyokuwa wakubwa mkononi mwake ndivyo vidole vyake vilivyokwenda taratibu, vikirudi nyuma kuhakikisha, vikishika meno ambayo kila mara yalikuwa yamepungua ukali kidogo. Akageuza kila mmoja, akapapasa kifuniko cha tumbo, akapapasa kucha za miguu. Hakuruka hata mmoja.

Mwishoni Mama Kaa alimwekea yule mkubwa, na huyu ilibidi apokelewe kwa mikono miwili. Miguu yake ilining'inia nje ya viganja vya mzee. Mwalimu alitafuta meno, akakuta vinundu. Akamgeuza, akakuta kifuniko kipana, cha duara.

"Jike."

"Jike. Alikuwa na mayai tulipomtoa."

"Na ni yule yule?"

"Ni yule yule, Mwalimu. Akikua."

Mzee aliinamisha kichwa juu ya mnyama yule kama mtu anayesikiliza. Mabega yake yalitikisika mara moja, yakatulia. Mama Kaa alisimama upande wa pili wa meza bila kujua mikono yake aiweke wapi. Hakuwahi kumgusa Mwalimu isipokuwa kwa salamu ya mkono. Akazunguka meza, akavuta kiti, akakaa karibu naye, bega kwa bega.

"Kwa nini wadogo wanakaa kule chini?" Mwalimu aliuliza.

"Sina hakika. Nadhani wakubwa huwala. Basi hukulia chini ambako wakubwa hawafiki, na wakipata nguvu hupanda mteremko."

"Wanakulia gizani peke yao."

"Peke yao. Lakini wanapanda."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kumzungumzia binti yake. Hakutaja homa wala kaburi. Alisimulia jinsi alivyokuwa akivaa viatu vya baba yake na kuzunguka navyo nyumba nzima, na jinsi alivyokataa katakata kula kitu chochote cha rangi ya kijani. Alisema alikuwa na doti hapa, akagusa chini ya jicho lake mwenyewe, na kila mgeni alidhani ni uchafu akataka kumfuta. Mtoto akawa akiwahi kusema, kabla mgeni hajanyoosha mkono, kwamba ni yake na haitoki.

"Mama alinisimulia kidogo," Mama Kaa alisema. "Zamani."

"Nilijua. Alikuwa hawezi kukaa na neno." Akatabasamu kidogo, na tabasamu likamtoka upesi. "Nilipofika walikuwa wameshamaliza kila kitu. Watu wamekaa, wananitazama mimi na ndoo zangu. Sikujua la kufanya, nikaja huku. Nikawatazama hawa. Nilitaka kiwepo kitu kimoja duniani chenye jina lake ambacho hakiwezi kufa."

Mama Kaa aliwasogeza wale wadogo wasianguke mezani.

"Sasa jina litakwenda wapi?" mzee aliuliza.

Akamweleza, ingawa sheria hizo alizijua yeye kuliko mtu yeyote. Jina la kwanza ndilo linalotawala, lakini la pili halifutwi. Huandikwa chini yake, pamoja na jina la aliyelitoa na mwaka, na kila atakayewaandika kaa wale tena, hata baada ya karne, atapaswa kulitaja hapo chini.

"Hapo chini," Mwalimu alirudia. "Si pabaya. Nami ndiko ninakoelekea." Akamrudishia kaa mkubwa kwa uangalifu, kama mtu anayemrudishia mama mtoto wake. "Ipeleke makala yako. Mpwa wangu anasema Mkurugenzi amemwambia umeikalia."

"Nilikuwa nangoja michoro."

"Hujui kusema uongo, mwanangu. Hujawahi kujua."

Makala ilitoka katika jarida lisomwalo na watu wachache wa nchi chache. Msomaji mmoja kutoka mbali aliuliza juu ya kipimo kimoja. Mwingine hakuonekana. Mama Kaa alibadilisha vikaratasi vyote kwa penseli, chupa kwa chupa, akawahamishia wadogo kwenye rafu moja na wakubwa. Kazi hiyo ilimchukua muda kuliko alivyotegemea, kwa sababu kila mara alisimama kwanza kabla ya kuandika.

Mwalimu alikuja makumbusho mara kadhaa zaidi, kisha ngazi zikamshinda. Mama Kaa akarudi kumtembelea kila Jumamosi, na sasa hawakuzungumza sana juu ya kaa. Alimsomea magazeti. Walibishana na taarifa za habari. Mzee alitaka kujua majirani wa ghorofa ya chini ni watu wa namna gani, na aliposikia utani wa makaa ya kupikia alicheka mpaka akakohoa. Alizidi kukonda. Wakati mwingine alisinzia katikati ya sentensi, naye Mama Kaa akabaki pale kwenye mwanga wa dirisha, gazeti mapajani, akisikiliza pumzi zake na vyombo vya mpwa jikoni, mpaka giza likaingia.

Jumamosi moja mafua yalimlaza Mama Kaa, akatuma ujumbe kwamba hatafika. Jioni simu iliita. Alidhani ni mpwa, lakini ilikuwa sauti ya Mwalimu mwenyewe, ikipayuka kama wazee wanavyozungumza na simu, ikimuuliza kama ameshakula.

Akasema ndiyo. Haikuwa kweli. Alipokata simu alikaa kidogo kitandani, blanketi mabegani. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimuuliza hivyo. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akabandika sufuria.